Maua ya mwituni ya shamba ulilokulia: mwongozo kamili wa kuyarudisha

Uganda hatuna majira manne ya mwaka. Maua yetu ya porini hufuata mvua. Kusini mwa nchi huchanua kwa wingi mara mbili: ttoggo, yaani mvua za kwanza za mwaka, inaposhika kuanzia Machi, na ddumbi, mvua za pili, inaposhika kuanzia Septemba. Kaskazini, kuanzia Lira kwenda Gulu na Kitgum, msimu ni mmoja mrefu, kama Aprili hadi Oktoba, na maua mazuri kuliko yote hutokeza wiki za mwanzo, nyasi zikiwa bado fupi.

Mtu aliyekulia shambani akirudi nyumbani baada ya miaka mingi mjini hukuta migomba ipo na mwembe upo, ila ukingo wa shamba umebadilika. Dawa ya kuua magugu imepigwa hadi mpakani, jembe limepita kila mahali, mbuzi wamefungwa sehemu moja mwaka mzima, na kibanja kimegawanywa hadi hakuna kipande kilichoachwa bila kulimwa. Maua aliyoyachezea utotoni yamekosa mahali pa kuzaa mbegu.

Kuyarudisha kunawezekana, na mita 10 za mraba zinatosha kuanzia, yaani mita 5 kwa 2. Gharama ni ndogo. Kinachohitajika ni misimu miwili au mitatu ya mvua, na mkono unaojua kuliweka jembe chini. Tunasisitiza hilo kwa sababu wengi huanza kwa kutafuta mbegu dukani, ilhali udongo wenyewe mara nyingi bado una mbegu zilizolala. Mpe udongo nafasi ya kwanza, kisha ongeza kile kilichopotea kabisa.

Anza na orodha ya wazee

Kabla ya mvua, Januari au Februari, kaa na jjajja au mzee yeyote aliyeishi hapo tangu zamani. Usimwulize "kulikuwa na maua gani?", maana swali hilo hujibiwa kwa "mengi tu." Uliza mambo madogo. Ua gani lilitangulia mvua? Lipi watoto walinyonya utamu wake? Lipi liliweka madoa kwenye nguo? Mbegu zipi zilitobolewa zikawa shanga? Majani gani yalifikichwa na kuwekwa kwenye kidonda? Mbuzi walikataa kula nini?

Majibu ya maswali hayo hukupa mimea halisi. Ua la rangi ya machungwa lenye mirija mitamu, likizunguka kichwa cha mviringo chenye miiba, ni kifumufumu (Leonotis nepetifolia). Machipukizi yanayorusha maji yakibonyezwa ni ya kifabakazi (Spathodea campanulata), na maji hayo ndiyo yanayoacha doa la manjano kwenye shati la shule. Shanga nyekundu zenye doa jeusi ni mbegu za jjirikiti, mti ambao Waswahili wengine huuita mwamba ngoma (Erythrina abyssinica). Majani yaliyosimamisha damu ni ya makaayi (Aspilia africana), yenye ua la manjano. Zile mbegu nyembamba nyeusi zilizonasa kwenye sketi ni kishona nguo, ssere kwa Waganda.

Andika jina kama mzee alivyolitamka, kwa lugha yake, iwe Lusoga, Ateso, Runyankole au Lugbara. Kisha chora ramani ya shamba la zamani: kisima, njia ya ng'ombe, kichuguu, kivuli cha mti mkubwa, bonde lenye maji. Kila ua liandikwe mahali lilipoota. Ramani hii ina kazi kubwa baadaye, kwa sababu ua la kando ya kisima ukilipanda juu ya kichuguu litakufa hata ukilimwagilia kila siku.

Mmea usiotambulika upige picha nne: mmea mzima, jani juu na chini, ua kwa mbele, ua kwa ubavu. Kwa zile picha mbili za ua weka kidole kando ili kuonyesha ukubwa. Ukitaka jibu la uhakika, kausha tawi lenye ua, majani na ikiwezekana tunda. Lilaze kati ya magazeti, weka kadibodi juu na chini, kisha tofali mbili. Badilisha magazeti kila siku kwa siku tatu za kwanza, halafu kila baada ya siku mbili. Baada ya siku 7 hadi 10 litakuwa kavu na tambarare. Usipobadilisha magazeti litaota ukungu na kugeuka jeusi. Hifadhi ya mimea ya Chuo Kikuu cha Makerere ndiyo mahali pa kupeleka sampuli za namna hiyo.

Uulize udongo

Chukua udongo wa juu tu, sentimita 5 za kwanza, kutoka sehemu kumi za eneo ulilochagua, kiganja kimoja kila sehemu. Changanya, toa mawe na mizizi. Toboa matundu chini ya beseni la zamani, weka mchanga sentimita 5, kisha tandaza udongo wako juu yake kwa unene wa sentimita 2. Weka pahali penye mwanga lakini pasipo jua kali la mchana, funika na kipande cha chandarua kilichochakaa ili mbegu za upepo zisiingie, na nyunyizia maji kila asubuhi kwa wiki 6 hadi 8.

Kila mche unaotoka uache hadi uwe na majani manne ya kweli, yaani yanayofuata yale ya kuchipulia, ndipo uutambue. Udongo ukitoa kongwe yenye ua la buluu, marejea pori (jamii ya kunde yenye maganda yanayolia njuga), mkunde mwitu au makaayi, una bahati: eneo hilo linahitaji kuachwa zaidi kuliko kupandwa. Ukitoa lumbugu (nyasi sugu inayoenea kwa mizizi) na kishona nguo pekee, mbegu zitaletwa kutoka nje. Jaribio hili linagharimu beseni moja, na linakuepusha na kosa la kufyeka mali usiyojua kuwa unayo.

Wakati beseni linaendelea, eneo lenyewe liache msimu mmoja mzima bila jembe, bila dawa na bila mbuzi. Wekea uzio wa miti ya miiba. Tembelea mara moja kwa wiki na uandike kilichochanua na tarehe yake.

Wapi, na wapi si pa kufaa

Pazuri ni ukingo wa shamba, juu ya tuta la kuzuia mmomonyoko, au kipande kisichozaa vizuri kwa sababu udongo wake ni wa changarawe. Maua ya mwituni hushinda kwenye udongo hafifu. Kwenye udongo mnono nyasi huyapita kimo na kuyanyima jua, ndiyo maana hatuweki samadi, majivu ya jikoni wala mbolea ya dukani kwenye kitalu hiki. Eneo lililokuwa zizi la ng'ombe halifai kwa miaka kadhaa.

Jua liwepo angalau saa sita kwa siku, isipokuwa kwa aina za kivulini tutakazozitaja. Kama una kahawa, weka ukanda wa maua kando yake. Robusta haiwezi kujichavusha yenyewe, inahitaji chavua ya shina jingine la aina tofauti, na nyuki husaidia upepo katika kazi hiyo. Lakini kahawa huchanua siku chache tu, kama wiki moja hadi siku kumi baada ya mvua inayokatiza kiangazi. Siku zilizobaki nyuki wanahitaji chakula kingine, la sivyo huhama. Ukanda wenye maua yanayopokezana huwaweka karibu.

Maua mazuri usiyopaswa kuyaacha

Hapa ndipo wapenda maua wengi huumia. Viduha ni vizuri sana, vina maua ya waridi au zambarau katikati ya mahindi, mtama na wimbi, hasa mashariki na kaskazini. Ni kimelea kinachonyonya mizizi ya nafaka. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, nazo hubaki hai udongoni miaka mingi. Ng'oa kabla ua halijafunguka, weka kwenye gunia, choma. Ukichelewa hadi vitumba vikauke, kuving'oa ni kuvipanda.

Gugu karoti lina vijiua vyeupe vidogo na majani yaliyochanika kama ya karoti. Limeshaingia nchini na hupenda kandokando ya barabara. Huwasha ngozi na kuchochea pumu, kwa hiyo vaa glavu na mikono mirefu, uling'oe na mzizi kabla halijachanua.

Kimyula, alizeti mwitu ya manjano, ilitoka Amerika ya Kati. Majani yake ni mbolea bora ya kijani kwa matoke na nyanya, na hatuoni ubaya kuwa nayo kwenye mpaka wa mbali, mradi uikate kabla ya mbegu kukomaa. Isiingie kwenye kitalu cha maua ya asili: itatawala. Vivyo hivyo lantana yenye miiba kwenye shina na matunda meusi. Isichanganywe na ile isiyo na miiba, yenye majani matatu kwenye kila kifundo na matunda ya zambarau ambayo watoto huyala. Hiyo haina usumbufu kama huo.

Kukusanya mbegu

Wakati wa kukusanya ni mwisho wa msimu: Juni na Julai kwa ttoggo, Desemba na Januari kwa ddumbi. Kusanya kwenye shamba lako, la ndugu au la jirani aliyekuruhusu. Hifadhi za wanyama ziko chini ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda na misitu mikuu ya hifadhi chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu. Huko huchukui hata kitunguu kimoja cha ua la porini bila kibali. Okidi usizichimbe popote. Mizizi yake huishi kwa kutegemea ukungu maalumu wa mahali pale, na zikihamishwa huishi kwa akiba yake muda mfupi kisha mara nyingi hufa.

Tafuta mimea isiyopungua 20 ya aina moja, na kwa kila vichwa vitano vya mbegu chukua kimoja. Ukikusanya kwenye mmea mmoja tu, kizazi kijacho hudhoofika, na aina zinazohitaji chavua ya mmea mwingine huenda zisizae kabisa.

Dalili ya ukomavu hutofautiana, na hapa haraka huharibu. Marejea: tikisa ganda. Likilia njuga, limekomaa. Likiwa kijani na kimya, mbegu ndani ni laini na zitasinyaa. Kifumufumu: subiri kichwa kiwe kahawia kikavu, vaa glavu maana miiba yake huingia na kukatikia kidoleni, kata bua, kigeuze juu chini ndani ya ndoo na ukigonge, mbegu nyeusi zitadondoka zenyewe. Makaayi: punje za katikati zikitoka kwa kusuguliwa kidogo na kidole, tayari. Ua la machungwa lenye jicho jeusi linalotambaa kwenye ua wa nyumba (Thunbergia alata) ni tatizo la aina yake, kwa sababu kibumba chake, chenye ncha ndefu mithili ya mdomo wa ndege, hupasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mbali. Kivalishe kipande cha chandarua kikiwa bado kijani, ukifunge kwa uzi chini yake, rudi baada ya wiki mbili. Kifabakazi: chukua maganda yaliyogeuka kahawia kabla hayajapasuka, maana mbegu zake zina mbawa nyembamba kama karatasi na upepo mmoja huzimaliza.

Tumia mifuko ya karatasi au kitambaa. Kavera, yaani mfuko wa plastiki, haifai hata kwa saa chache za safari ya boda boda. Mbegu hutoa jasho, zinapata joto na kuoza.

Kukausha na kuhifadhi

Anika kwenye ungo au gazeti kivulini, mahali penye upepo, siku 5 hadi 7. Usianike juu ya bati jua la saa sita. Joto la bati huua mbegu ndogo bila kuacha dalili yoyote, na hutajua mpaka msimu wa kupanda. Mbegu iliyokauka sawasawa huvunjika inapokunjwa. Ikipinda bado ina maji. Kisha pura kwa mkono, chekecha, pepeta.

Weka mbegu kwenye bahasha, na bahasha kwenye mtungi wa kioo wenye mfuniko wa kukaza. Chini ya mtungi weka mchele uliokaangwa bila mafuta hadi kuwa moto kabisa na ukapoa ukiwa umefunikwa; ujaze robo ya mtungi. Mchele hunyonya unyevu. Ubadilishe baada ya wiki mbili. Mbegu za jamii ya kunde, yaani marejea, muluku (kichaka chenye sumu ya samaki) na jjirikiti, hubunguliwa na fukusi kutoka ndani, hivyo zichanganye na majivu laini yaliyochekechwa, au kama kuna friza ziweke humo saa 48 zikiwa zimekauka kabisa. Juu ya kila bahasha andika jina, mahali, tarehe, na jina la aliyekutambulisha mmea huo.

Kuna kundi lisilokaushwa kamwe: vitunguu vya porini vyenye matunda laini, ambavyo tunavieleza chini. Mbegu zake zikikauka zimekufa.

Wiki tatu kabla ya mvua, jaribu uotaji. Tandaza mbegu 20 kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani, funika, hesabu baada ya siku 14. Zikiota chini ya 8, panda mara mbili ya kiasi.

Kupanda

Mwezi mmoja kabla ya mvua, toa lumbugu. Tumia jembe la meno, usitumie jembe la kawaida, kwa sababu kila kipande cha mzizi unachokikata huota kivyake. Inua, tikisa, anika mizizi juani hadi ikatike kama vijiti. Rudia baada ya wiki mbili. Hakuna hatua nyingine ambayo uzembe wake hulipwa kwa miaka kama hii.

Gawa eneo nusu kwa nusu. Nusu moja iache ioteshe mbegu za udongo wenyewe. Nusu nyingine, mita 5 za mraba, ndiyo utakayopanda. Kwa nusu hiyo kwaruza juu kina cha sentimita 3 hadi 5, sawazisha kwa reki. Mvua mbili nzuri zikishapita, chimba kwa kidole au kijiti: udongo ukiwa na unyevu hadi sentimita 10 au 15, panda. Mvua ya kwanza isikudanganye. Mbegu iliyochipua kisha ikakosa maji siku nane haina nafasi ya pili, na mbegu iliyopandwa kwenye vumbi huwa chakula cha sisimizi.

Mbegu zenye ganda gumu, marejea na wenzake, ziandae siku moja kabla. Chemsha maji, epua, subiri dakika 5, mimina juu ya mbegu na uziache hadi asubuhi. Zilizovimba zipande siku hiyohiyo. Ambazo hazikuvimba zisugue kwenye mchanga mkavu au jiwe hadi ganda lipoteze mng'ao, kisha ziloweke tena.

Kwa mita 5 za mraba gramu 10 hadi 15 za mbegu ndogo zilizosafishwa zinatosha. Zichanganye na lita 3 za mchanga mkavu, kwa sababu mbegu pekee mkononi hudondoka kwa mafungu. Gawa mchanganyiko mara mbili. Nusu imwage ukitembea kwa urefu, nusu ukikatiza kwa upana. Usifukie. Kanyaga juu ya ubao au gonga kwa mgongo wa reki ili mbegu zishikane na udongo. Mbegu ndogo kama za mujaaja, mrihani wa porini, zinahitaji mwanga, na zikizikwa sentimita 2 hazitoki. Mbegu kubwa za marejea zizamishe sentimita 1.

Panga kimo. Nyuma, vifumufumu vitano tu, kimoja kila sentimita 60, maana hufika mita 2 na huzaa kupita kiasi. Karibu navyo marejea. Katikati makaayi na mujaaja; hivi ni rahisi zaidi kwa vipandikizi vya sentimita 10 hadi 15. Vivyo hivyo pentasi pori, yenye vishada vya nyota za waridi au nyeupe: kata tawi lisilo na ua, toa majani ya chini, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, litatoa mizizi baada ya wiki 3 au 4. Vipepeo huijia sana. Mbele iachie mimea mifupi na kongwe, ambayo haihitaji kupandwa. Kongwe hufungua asubuhi na kufunga mchana, na pia huzaa mbegu chini ya ardhi, kwa hiyo itakuja yenyewe; kazi yako ni kuizuia isivuke kuingia kwenye matoke.

Siku hiyohiyo panda punje kumi za kila aina kwenye makopo yenye majina. Hiki ndicho kitabu chako cha kujifunzia sura za miche. Bila makopo hayo, palizi ya wiki ya nne itang'oa maua na kuacha magugu. Hutokea kwa wakulima wazoefu kabisa.

Funika kitalu kwa matawi ya miiba. Adui mkubwa wa wiki za kwanza ni kuku. Mvua ikikata siku nne, nyunyizia lita 10 jioni kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Maji ya ndoo yakimwagwa kwa kishindo huzihamisha mbegu zote hadi bondeni.

Vitunguu na viazi vya porini

Haya ndiyo maua yanayokumbukwa zaidi, na ndiyo yenye hatari zaidi.

Gloriosa ni lile ua jekundu lenye kingo za njano, petali zimekunjwa kwenda juu, linalopanda vichaka kwa kushika na ncha za majani yake. Kiazi chake kina umbo la pembe, mara nyingi kama herufi V, na kila mkono una jicho moja tu la kuchipua, nchani. Ukilivunja jicho hilo, mkono huo umekwisha. Chimba kwa mikono, mwisho wa kiangazi, mmea ukiwa umekauka. Laza kiazi ubavu, kina cha sentimita 6 hadi 8, jicho likitazama upande wa kichaka cha kupandia, kwenye udongo usiotuama maji. Kikioza, sababu karibu kila mara ni maji yaliyosimama wakati mmea umelala. Kwa mbegu inawezekana, ila uotaji huchukua miezi na ua la kwanza husubiriwa miaka miwili au mitatu.

Sehemu zote za gloriosa zina sumu kali iitwayo kolchisini. Kiazi chake kimewahi kudhaniwa kuwa kiazi kikuu au kiazi kitamu kikaua watu. Vaa glavu, kisikae hata dakika moja jikoni, kisipandwe karibu na viazi vya kula. Aliyekila huanza kuungua mdomo na koo, kisha kutapika na kuharisha baada ya saa chache. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na kipande cha mmea, usimlazimishe kutapika, na usingoje dalili zizidi.

Skadoksasi (Scadoxus multiflorus) ni lile duara jekundu la vijiua vingi, upana wa sentimita 15 hivi, linalotokeza mvua ya kwanza inapogusa ardhi, aghalabu kabla ya majani. Hupenda kivuli chepesi chini ya miti. Kitunguu kizikwe shingo ikiwa sawa na uso wa udongo. Matunda yakiiva mekundu, menya nyama yake, osha mbegu na uzilaze juu ya udongo wenye unyevu siku hiyohiyo. Krinamu, yenye maua makubwa meupe yaliyochorwa mistari ya waridi, ina mbegu nene za kijani ambazo nazo hupandwa mbichi, juu ya udongo, bila kufukiwa. Vyote viwili vina sumu kwa watu na mifugo. Mbegu za jjirikiti pia ni sumu zikitafunwa, na kuzitoboa kwa shanga hutoa unga wenye sumu hiyo. Watoto wadogo wasichezee, na aliyezishika anawe mikono.

Miti ya ukingoni

Jjirikiti huota kwa kigingi. Kata tawi la mita 1.5 hadi 2, unene wa sentimita 5 hadi 8, lilaze kivulini siku mbili au tatu ili jeraha likauke, lisimike kina cha sentimita 40 mvua inapoanza, upande wa chini ukibaki chini. Ukipanda siku ileile ya kukata, huweza kuoza. Huchanua nyekundu wakati wa kiangazi majani yakiwa yamepukutika, na ndege chozi huwa hawabanduki hapo. Kifabakazi kiwekwe mbali na nyumba, angalau mita 10, kwa kuwa matawi yake huvunjika kirahisi kwenye dhoruba. Muluku huwaua samaki. Usiwe karibu na bwawa.

Kukata, na yanayoharibika

Kitalu kisichokatwa hugeuka kichaka miaka miwili tu. Kata mara moja kila kiangazi, mbegu zikishadondoka, kwa panga kali, ukiacha sentimita 10 hadi 15. Kata nusu ya eneo, nusu nyingine iache hadi kiangazi kinachofuata, wadudu wapate pa kukaa. Majani yaliyokatwa yaache palepale siku 4, yageuze mara moja ili mbegu zimwagike, kisha yaondoe yote. Yakibaki yanafunika miche na kunonesha udongo kwa faida ya nyasi. Yafaa kuwa matandazo ya migomba. Usiwape ng'ombe bila kuchambua, kwani baadhi ya jamii ya marejea huharibu ini, na gloriosa ikichanganyika ni hatari kubwa zaidi.

Mwaka wa kwanza kishona nguo kitatawala. Usikate tamaa na usipige dawa. Kikate kikiwa na maua, kabla ya mbegu kuwa nyeusi, mara mbili kwa msimu, kitapungua. Majani mengi bila maua humaanisha kivuli au udongo mnono: panua mwanga, ondoa majani yaliyokatwa kwa bidii zaidi. Miche iliyokatwa usiku sawa na ardhi ni kazi ya viwavi wakatao, ambao hujificha sentimita 2 chini ya udongo karibu na mche. Wafukue alfajiri kwa kijiti. Maua yaliyopinda na majani yaliyopauka upande mmoja tu wa kitalu ni dawa ya magugu iliyopeperushwa kutoka shamba la jirani. Zungumza naye kabla ya msimu, mkubaliane apige asubuhi mapema upepo ukiwa umetulia, bomba likielekea chini, na wewe acha ukanda wa mita 2 wa matete upande huo.